Mvua na Wajenzi wa Ufuo wa Ziwa

Ukisimama katika mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, alasiri moja ya mwezi wa Aprili, ukaelekeza uso wako upande wa milima ya Nandi, utaona mawingu meusi yakikusanyika juu yake kama watu waendao barazani. Tangu asubuhi jua limekuwa kali. Sasa wenye nguo kambani huanza kuzianua, wachuuzi hufunika bidhaa zao, na fundi aliye juu ya ukuta hushuka, huosha mwiko wake, akauweka kando. Hapana aliyemwamuru. Anajua kwamba kazi ya siku hiyo imekwisha, ijapokuwa saa ya kuacha kazi haijafika.

Nataka, msomaji wangu, nikusimulie habari za fundi huyo. Sisemi habari za mtu mmoja tu, maana nawaza juu ya wote waliojenga kando ya ziwa hili tangu zamani, na jinsi mvua ilivyowazuia. Katika vitabu vya historia tumezoea kusoma ni nani aliyejenga kitu fulani, na katika mwaka gani. Ni mara chache tunaelezwa kwa nini kazi iliyotazamiwa kwisha mwaka huu ilikwisha mwaka wa tatu. Nami naona kwamba ukiuchunguza ucheleweshaji huo utajifunza mambo ambayo tarehe peke yake haiwezi kukueleza: nani aliijua nchi, nani hakuijua, na nani alilipa gharama ya haraka ya mwenziwe.

Wala siandiki kama mtu aliyesimama kando akitazama. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na kufundisha miaka kadhaa, nilipoazimia kujenga nyumba ya miti na udongo katika ardhi ya ukoo wetu, upande wa Kano. Kazi ilipasa kuanza Januari mwaka 2018. Fedha zikachelewa, nikaanza wiki ya pili ya mwezi wa Machi, kwa ushupavu wa mtu aliyezoea ratiba za shule, ambazo hufuatwa mvua inyeshe isinyeshe. Baba yangu mdogo alikuja, akatazama nguzo zilizosimama, akaniuliza, "Mwalimu, je, umekwisha kupatana na mvua?" Nikacheka. Mabati yangu yalikuwa bado dukani, lakini kwa kuwa udongo ulikuwa tayari, nikawaomba kina mama wa ukoo waanze kukandika kuta. Siku ya nne mvua ilianza saa tisa alasiri, ikanyesha hata usiku wa manane. Asubuhi ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa chini, umerudia kuwa matope, na fito zimebaki wazi kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Baba mdogo hakusema neno. Alichukua kijiti, akakuna matope katika viatu vyake, akaenda zake.

Yafaa kwanza ujue mvua ya huku huja namna gani, kwa maana haiji ovyo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nalo liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na upepo wa ziwani wenye unyevu huja kujaza mahali pake. Upepo huo husukumwa kuelekea milimani, hukutana na upepo utokao mashariki, hewa hupanda juu na kupoa, na mvua ya radi hushuka alasiri au jioni, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na wavuvi ndio wanaopata dhoruba. Kwa hiyo mjenzi wa Kisumu aghalabu huwa na asubuhi njema na alasiri isiyoaminika.

Juu ya mwendo huo wa siku uko mwendo wa mwaka. Wajaluo huiita mvua kubwa ya kuanzia Machi hata Mei chwiri, ambayo Waswahili wa pwani huiita masika. Mvua ndogo ya mwisho wa mwaka huitwa opon, nayo ndiyo vuli. Kiangazi huitwa oro, na sehemu yake iliyo kavu zaidi ni Januari na Februari. Lakini tahadhari: hata katika miezi hiyo miwili mvua yaweza kunyesha Kisumu bila ya kubisha hodi.

Basi sasa ifikirie nyumba ya kale ya miti, uone jinsi kila hatua ya ujenzi wake ilivyofungwa na majira haya. Kwanza zilitakiwa nguzo. Mti uliopendwa sana ni siala, kwa kuwa hukua umenyooka na mchwa hawauli upesi. Nguzo zilikatwa, zikaambuliwa magome, zikaachwa zikauke, maana mti mbichi hujipinda ukisha kusimamishwa, na mti uliofungiwa unyevu ndani huoza mguuni, pale unapoingia ardhini. Kisha zilitakiwa fito, na kamba za magome za kufungia. Halafu nyasi za kuezekea. Nyasi huota wakati wa mvua, lakini hazifai kukatwa mpaka zimekomaa na kukauka, kwa maana nyasi mbichi zikirundikwa juu ya paa huvunda na kuvuja. Waona basi kwamba mvua ile ile iliyomzuia mjenzi ndiyo iliyomlimia nyasi zake.

Mashimo yalichimbwa ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo, kwa sababu udongo mweusi wa Kano ukikauka huwa mgumu kama matofali. Zikasimamishwa nguzo za mduara, na paa likafungwa na kuezekwa. Baada ya hapo tu ndipo wanawake walipokuja na udongo. Paa lilitangulia ukuta! Jambo hilo lililomwelea kila bibi wa kijijini, mimi, mwenye cheti changu cha ualimu, nililijua siku ile ukuta ulipoanguka. Tena udongo haukupakwa siku moja. Ulitiwa tabaka la kwanza, ukaachwa ukauke na kupasuka, kisha likaja la pili la kuziba nyufa, na mwisho mpako laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kati ya tabaka na tabaka zilihitajika siku za jua. Ikiwa opon imechelewa kwisha, au chwiri imewahi, siku hizo hazikupatikana, na nyumba ilikaa nusu mpaka majira yapite. Hakuna aliyemcheka mwenyewe wala kumwita mvivu.

Lakini ilikuwako nyumba moja ambayo haikuruhusiwa kuchelewa hata kidogo. Mjaluo alipotoka katika boma la baba yake kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe, alikwenda alfajiri pamoja na mkewe wa kwanza, mwanawe mkubwa wa kiume, na mzee wa ukoo wake. Walichukua jogoo, shoka na moto. Desturi ilidai kwamba nyumba ya kwanza isimame siku ile ile, na usiku uwakute wenyeji wamelala ndani yake. Tafakari, msomaji, ugumu wa amri hiyo katika nchi ambayo radi hupiga saa tisa. Waliwezaje? Kwanza nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha kulala tu. Nyumba kubwa ingejengwa baadaye kwa utaratibu. Pili, miti, kamba na nyasi vilikuwa vimeandaliwa kabla, na jamaa wengi walikuja kusaidia. Tatu, siku haikuchaguliwa ovyo. Kwa hiyo siku moja ile ilikuwa na miezi mingi nyuma yake, ambayo mgeni hakuiona. Mgeni angeona kibanda kimeota jioni mahali palipokuwa kichaka asubuhi, akadhani watu hawa hujenga kwa haraka. Na angepita tena mwezi wa Aprili, akaona nyumba nyingine imesimama na fito tupu, akadhani ni wavivu. Angekosea mara zote mbili.

Wala usidhani kwamba ni huku kwetu tu mjenzi huyatumikia majira. Katika nchi za kaskazini, kama Finland, Norway na Urusi, watu wamejenga kwa karne nyingi nyumba za magogo mazima, yaliyolazwa moja juu ya jingine na kupachikwa pembeni kwa mikato ya shoka. Huko gogo hukatwa wakati wa baridi kali, maji ya mti yakiwa machache, na huburutwa juu ya theluji, ambayo huwafaa kama barabara. Hata baada ya nyumba kusimama, magogo huendelea kukauka na kunywea, na ukuta wote hushuka. Kwa hiyo fundi huacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha, isije miimo ikavunjika. Huyo naye hukimbizana na mvua na theluji ili paa liwe juu kabla magogo hayajaloa na kuota ukungu. Fundi wa Finland na bibi wa Kano hawakupata kuonana kamwe, lakini wangeelewana juu ya paa.

Na wako waliokwepa tatizo hili kabisa. Ukienda kusini ya ghuba, katika nchi ya Migori, utaona Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa yapata miaka 500 iliyopita, ambazo mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe yamepangwa makavu, pasipo udongo wala chokaa ya kuyashika. Ukuta wa namna hiyo hauna kitu cha kungoja kikauke. Mvua ikija, mjenzi hujificha, na ikipita huendelea pale alipoachia. Walakini nyumba zilizokuwa ndani ya kuta hizo zilikuwa za miti, udongo na nyasi kama nyingine. Kuta zingalipo, nyumba hazipo.

Sasa tuje kwa wajenzi wa aina nyingine, ambao hawakuwa na ruhusa ya kungoja. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani, mwendo wa maili 582, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, mbali na Waafrika wengi waliokata misitu, kuchimba na kuchukua mizigo. Fedha zilitoka kwa Bunge la Uingereza, na huko London walikuwako wabunge walioiona reli hii kuwa upumbavu mtupu. Kila mwezi wa kuchelewa uliwapa maneno ya kusema. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya reli na nyumba ya siala: aliyeijenga nyumba alikuwa ndiye mwenye kuitazama mbingu, lakini aliyeiharakisha reli alikuwa London, asikokuwa na habari za mawingu ya Nandi.

Tangu mwanzo mvua ilidai haki yake. Katika mwaka wa kwanza, karibu na pwani, mvua na maji yaliyotuama vilileta homa na kuhara damu, na wafanyakazi wengi wakalala hospitalini badala ya kutandika reli. Kule Tsavo, ambako watu wote hukumbuka simba tu, mhandisi Patterson alikuwa akijenga daraja la nguzo za mawe. Ili kuchukua mawe hayo alikuwa ametengeneza madaraja mawili ya muda ya magari madogo ya kusukuma. Mvua ilinyesha mbali juu ya mto, maji yakashuka kwa kishindo yakiwa yamebeba miti mizima, yakayang'oa madaraja yote mawili ya muda. Daraja la mawe lilibaki. Simba walisimamisha kazi wiki zipatazo tatu mwezi wa Desemba 1898, nao wakapewa kitabu. Mto ulipofanya yake haukupata sifa hiyo.

Mwezi wa Mei 1899 reli ilifika Nairobi. Mbele yake yalikuwapo magenge ya Bonde la Ufa, na baada ya hayo milima ya Mau, ambayo njia ilibidi iipande zaidi ya futi 8,000 kabla ya kushuka kuja kwetu. Katika sehemu hiyo ya Mau mabonde ni mengi hata yakahitajika madaraja marefu ya chuma 27, na chuma chake kilitengenezwa Marekani. Wajenzi hawakungoja madaraja hayo yakamilike. Walipitisha njia ya muda, iliyoshuka chini ya mabonde na kupanda tena, ili kichwa cha reli kiendelee mbele. Nandi nao, ambao nchi yao ilikuwa ikivamiwa, walipigana na wajenzi na kuchukua nyaya za simu na vyuma. Vita hivyo vina habari yake ndefu, wala sitaiingia hapa.

Kisha wakashuka katika bonde la Nyando, na hapo udongo mweusi wa Kano ukawapokea. Wewe uliyezaliwa huku waujua. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha huvimba, hunata, huteleza, na mzigo mzito ukiwekwa juu yake huzama. Fundi mwenye nafasi angechimba, akaleta kokoto nyingi, akashindilia, akangoja. Lakini haraka ilikuwa imekwisha kutangulia, na mataruma yalilazwa juu ya udongo wenyewe pasipo kokoto ya kutosha. Mvua ilipowakuta bondeni mwaka 1901, tuta lililainika chini ya magari. Mataruma yakadidimia, gari la moshi likayumba kama mtumbwi, na matope yakaruka pande zote mbili lilipopita. Palipotandikwa jana palihitaji kuinuliwa tena leo. Watu waliofanya hivyo walikuwa wamesimama ndani ya maji, katika bonde lililojaa mbu, na wengi wao walishikwa na homa.

Hata hivyo walifika. Mwezi wa Desemba 1901 reli iligusa ufuo wa ziwa, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ndipo Kisumu yetu, na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandikaji, akapiga nyundo ya mwisho. Vitabu vingi hufunga habari hapo. Lakini wewe usifunge. Reli iliyofika ilikuwa imelala juu ya tope, na nyuma yake ilikuwako njia ya muda ya Mau ikingoja madaraja. Kazi ya kuifanya reli iwe reli kweli iliendelea mpaka mwaka 1903. Gharama iliyokadiriwa mwanzoni kuwa pauni milioni 3 ilipita pauni milioni 5. Nao Wahindi waliokufa katika kazi yote ya kutoka Mombasa walihesabiwa kuwa 2,493. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Si haki kusema kwamba mvua peke yake iliwaua. Wengi waliuawa na maradhi, na maradhi hupenda mahali penye maji, njaa na uchovu. Nisemalo ni kwamba tarehe iliyoandikwa jiwe la ukumbusho haielezi siku zilizopotea, wala haielezi zilipotea mikononi mwa nani.

Huenda ukauliza, kama mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alivyoniuliza, kwa nini hawakungoja Januari? Nilimjibu kwamba kungoja nako kuna gharama yake. Maelfu ya watu walihitaji kulishwa kila siku, wafanye kazi wasifanye. Tena yafaa tukumbuke meli William Mackinnon, ambayo hutufundisha upande wa pili wa jambo hili. Meli hiyo iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa katikati ya miaka ya 1890, kabla reli haijaanza kwenda mbali. Vipande vilichukuliwa na wapagazi na magari ya ng'ombe kwa njia ambayo mvua iliigeuza tope na kiangazi kiliinyima maji. Mizigo mingine ilipotea njiani. Meli haikuteremshwa majini hapa Kisumu mpaka mwezi wa Juni 1900. Hapa walingoja, wala hawakuwa na la kufanya, na miaka ikaenda. Sidhani basi kwamba jibu ni moja kwa kazi zote. Lakini yeyote aliyelazimishwa kuchagua kati ya haraka na kungoja ana haki ya kuulizwa kwanza kama ndiye atakayesimama matopeni.

Labda sasa wawaza kwamba mvua ni adui wa mjenzi wakati wa kujenga tu, na kwamba nyumba ikisha simama imeokoka. Watu wa ufuo huu walijifunza kinyume chake mwaka 1961. Mwaka huo ulianza kwa ukame mbaya katika sehemu nyingi za Kenya. Kisha kuanzia Oktoba hata Desemba mvua ilinyesha kwa namna ambayo haikuwa imeandikwa kabla yake. Barabara na reli zilikatika, hata chakula kikatupwa kutoka angani kwa ndege kwa watu waliozingirwa na maji. Ziwa likaanza kupanda. Ajabu yake ni kwamba mvua ilipokwisha, ziwa halikushuka. Sababu ni hii: sehemu kubwa ya maji yaingiayo ziwani hayaletwi na mito, bali ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na njia ya maji kutoka ni moja tu, Mto Nile kule Jinja. Bakuli kubwa namna hiyo hujaa upesi na kumwagika polepole. Ziwa liliendelea kupanda mpaka mwaka 1964, likawa zaidi ya mita 2 juu ya pale lilipokuwa kabla ya mvua hizo. Magati, mashamba na nyumba zilizojengwa karibu na maji zilizama. Kwa kuwa nchi ilikuwa ikipata uhuru wake wakati huo, watu waliziita mvua za Uhuru.

Waliopoteza nyumba miaka ile walihamia juu. Kisha maji yakarudi nyuma kidogo kidogo, miaka ikapita, watoto wakakua ambao hawakuiona ile hali, na ardhi nyeusi yenye rutuba iliyoachwa na ziwa ikaonekana tupu, ikimwita kila mwenye jembe. Watu wakashuka tena. Hapana la kushangaza. Mtu asiye na ardhi nyingine afanye nini? Lakini kushuka huko kulikuwa ni kujenga juu ya usahaulifu.

Nirudi kwenye nyumba yangu, nikuache. Nilipochagua mahali pa kujenga mwaka ule wa 2018, mimi nilitaka pale chini, penye upepo mzuri na maji yanayoonekana. Baba mdogo alikataa. Akanishika mkono, akaniongoza mpaka kwenye mtini mmoja wa kale, akasema kwamba mwaka 1964, akiwa mtoto, aliona mitumbwi imefungwa kwenye mti ule. "Usijenge chini ya mti huu," akasema, "wala usijenge karibu nao." Nyumba yangu ikasimama hatua arobaini juu yake. Mvua za Aprili na Mei mwaka ule zilikuwa nyingi mno katika Kenya yote, na baada ya ukuta kuanguka sikuthubutu kuugusa tena. Nguzo na fito zilikaa uchi miezi minane. Mwezi wa Desemba niliezeka, na mwezi wa Januari 2019 kina mama walikuja na udongo mara ya pili, wakakandika chini ya paa, huku wakiimba wimbo uliokuwa na jina langu na neno mabati ndani yake, nami sikuomba nielezwe maana.

Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda tena, likapita kidogo kipeo cha mwaka 1964. Kule Dunga na katika vijiji vya Nyando watu wengi walihama wakiwa na magodoro vichwani. Nilikwenda nyumbani kutoka Kaloleni siku ya Jumamosi. Ule mtini ulikuwa umesimama majini, na mtumbwi wa jirani ulikuwa umefungwa kwenye shina lake. Nikasimama mlangoni pangu, nikahesabu hatua mpaka ncha ya maji. Zilikuwa thelathini na sita.